Uso Uliobaki kwenye Sahani ya Supu

Shughuli nzima ilitugharimu blanketi moja, chupa ya verni nyekundu ya kucha, sahani mbili za supu na tiketi moja ya treni. Nimehesabu tena: sahani zilikuwa tatu. Ya tatu haikuwahi kuingia katika malalamiko ya Mama kwa sababu aliivunja mwenyewe. Ile tiketi ndiyo hasara pekee ambayo hakuna mtu nyumbani kwetu aliyeililia. Na mimi, ambaye sindano ikinianguka sokoni nasimamisha biashara mpaka ipatikane, niliifurahia kuliko faida yoyote niliyoipata baadaye kwa kuuza vitenge katika soko la Manika, hapa Kolwezi.

Harufu ndiyo iliyonirudisha huko. Juzi nilikuwa namimina siki kwenye pilipili ya kusaga, ikanipanda puani, na mara nikawa tena msichana mdogo aliyesimama gizani katika bafu letu, sahani mikononi, akiwa ameonywa asipumulie dawa. Siki ilikuwa sehemu ya dawa. Mama alisema kwamba nyumba yake ni ya kwanza katika mtaa ambapo siki inaenda bafuni na supu inakosa sahani.

Ninyi mliokua wakati wetu mtakumbuka: hakukuwa na kupiga picha mia na kuchagua moja. Filimu ya Tata, baba yangu, ilikuwa na picha nane. Mtu akipiga chafya, zimebaki saba. Kamera yenyewe ilikuwa imezeeka kabla Mama hajaolewa. Mhasibu mmoja Mzungu, aliyeondoka kwa haraka, alimwachia Tata badala ya kumwambia asante. Ukibonyeza kitufe inafunguka na kutoa mvukuto wa ngozi nyeusi, kama akodioni ndogo, na pale ngozi ilipotoboka Tata alibandika plasta ya kidonda. Mimi niliamini kamera iliumia kazini.

Plasta zilitoka hospitali ya mgodi, ambako Tata alifanya kazi kwenye chumba cha radio. Si radio ya habari. Ile ya kupiga picha za mifupa. Dawa za kusafishia picha zilipochoka kiasi cha kutofaa tena kwa mifupa ya wafanyakazi, mkubwa wake alimruhusu kuzibeba badala ya kuzimwaga. Zilikuja nyumbani ndani ya chupa za bia, vizibo vimefungwa kwa kitambaa. Kwa hiyo nilikua nikijua jambo moja kuhusu baba yangu: huyu ni mtu anayeona ndani ya watu. Nilipokula sukari kwa siri nilijikunja tumbo akipita, asije akaiona.

Hilo lisingenisumbua sana kama si kaka yangu Kazadi.

Kazadi alinizidi miaka mitatu na kunidharau kwa miaka kumi. Siku moja aliniambia, kwa sauti ya mtu anayekuonea huruma:

"We haukuzaliwaka hapa. Tulikuokotaka ku Dilolo, kule ku mupaka, mu gunia ya samaki ya chumvi, yenye ilitoka Angola."

"Bongo, unadanganya! Gunia ilikuwa bei gani?" nilimwuliza. Nilikuwa tayari hivi nilivyo.

"Ya samaki, Mama alilipa. We haukulipiwa. We ulikuwa matabishi."

Matabishi, kwa msomaji wa mbali, ni kile kidogo ambacho muuzaji anakutupia juu ya ulichonunua, ili urudi kesho. Nyanya moja juu ya fungu. Konzi ya unga juu ya kipimo. Kuokotwa ningevumilia. Kununuliwa, hata kwa bei ya chini, kuna heshima yake. Lakini kuwa matabishi! Nikaanza kuchunguza ushahidi, na ushahidi ulikuwa mbaya: katika nyumba nzima, ni mimi peke yangu niliyependa samaki wa chumvi.

Hata hivyo ningelisahau, kama mambo mengine ya Kazadi, lakini miaka ile ilikuwa miaka ya treni. Watu wengi wa kwetu, wenye asili ya Kasai, walikuwa wakifunga mizigo. Walikuwa wameambiwa warudi kwao, hata wale ambao kwao ni hapahapa Kolwezi, ambao babu zao waliletwa na kazi ya shaba na wao wenyewe hawajawahi kuiona Kasai hata kwenye kalenda. Shuleni madawati yalipungua watu. Mtoto hajui siasa. Anajua tu kwamba rafiki yake wa kuruka kamba amepanda treni, na kwamba wakubwa wanauliza kila siku, nani wa hapa, nani si wa hapa.

Nyumbani tulikuwa watano: Tata, Mama, Kazadi, mimi, na Kaku, mama yake Tata, aliyekuja kutoka Kasai kututembelea kwa wiki mbili na alikuwa bado yuko katika wiki ya pili baada ya mwaka. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, aliyemfanya muuza mkaa aombe msamaha kwa bei aliyoitaja.

Jumamosi moja Mama na Tata walikuwa wanakunja shuka uani, kila mmoja ameshika ncha zake. Mimi nilikuwa nyuma ya pipa la maji. Mama akasema, bila kuinua sauti:

"Batoto, ata bakiuliza, beko na karatasi ya hapa. Lakini yee? Yee hakuzaliwa hapa. Heri apande treni mbele ya mambo kuharibika."

Tata akavuta ncha zake. "Acha kwanza nipige foto. Kiisha foto, mi mwenyewe nitamuambia."

Shuka likakunjwa. Nami nikabaki nyuma ya pipa, nimeshika magoti yangu, kwa sababu sasa haikuwa tena maneno ya Kazadi. Yee hakuzaliwa hapa. Mimi.

Foto ilipigwa Jumapili, baada ya misa, mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Tata alipanga watu kama anavyopanga mikono iliyovunjika juu ya meza yake ya kazini: kwa upole na bila kuuliza. Kaku kwenye kiti, Mama nyuma yake, Kazadi kulia, mimi kushoto. Filimu ilikuwa imebakiza picha mbili tu. Sita za kwanza zilikwenda kwa majirani waliotaka kuacha sura zao kabla ya kusafiri.

Kabla ya hapo nilikuwa nimemwuliza kama mtu asiye na shida: "Tata, ile dawa inafanyaka nini?"

"Inaitwa revelatere. Kitu yote yenye ilifichama mu filimu, inakitoa inje."

Sasa fikirini. Sisi tulikuwa watu wa maombi. Katika kikundi cha jirani, mama akisema amepata revelasyoni, maana yake ameonyeshwa nani aliiba, nani anaficha mimba, nani anazuia mvua. Na baba yangu, mwonaji wa mifupa, alikuwa na chupa nzima ya kitu hicho chini ya kitanda, na alitaka kunipiga picha kwanza, kisha kuniambia. Nilielewa kila kitu. Picha ndiyo itakayotoa hukumu. Mifupa ya Dilolo itaonekana.

Basi Tata alipohesabu moja, mbili, mimi kwenye tatu nikajiyumbisha.

"We mutoto, nilisema usitingishike!"

"Kuna nzi, Tata."

"Nzi inauma wewe peke yako?"

Ikabaki picha moja. Kazadi akaninong'oneza bila kufungua midomo, kipaji alichonacho hadi leo: "Jitenge na Kaku, matabishi. Hii ni foto ya jamaa." Nikamgeukia kumjibu, kidole juu. Wakati uleule Tata alikuwa anamwomba Kaku ainue kidevu, na Kaku, ambaye hakuwahi kuombwa kitu akakitoa kwa bei ya kwanza, akainua kidole chake: "Nani alimuzaa mwenziwe hapa? We utanifundisha kukaa?" Tata akashtuka, kidole kikateleza, kamera ikalia *tik*.

"Imekwisha," alisema, na akaifunga ile akodioni bila kututazama. "Ya mwisho. Imeharibika."

Mchana uleule tuliingia bafuni, yeye na mimi; kazi yangu ilikuwa kushika sahani ya siki. Blanketi lilipigiliwa misumari dirishani, na Kazadi aliwekwa nje kulinda mlango. Kwenye giza lile saa haionekani, kwa hiyo Tata alipima dawa kwa wimbo. Alikuwa na wimbo mmoja wa kanisani wa Kiluba cha Kasai ambao, ukiuimba kwa mwendo wa kawaida mpaka mwisho, filimu imeiva. Alishika filimu kwa ncha zake mbili na kuipitisha kwenye sahani juu na chini, juu na chini, huku akiimba.

Tatizo ni kwamba Kaku aliusikia. Kaku hakuweza kusikia wimbo wa kwao akanyamaza, na kila wimbo aliuimba kwa mwendo wa matanga. Akadakia kutoka uani, polepole, akivuta kila neno kama ndoo kutoka kisimani. Tata alijaribu kumtangulia. Lakini nani anamtangulia mama yake katika wimbo wa Mungu? Ubeti wa pili alikuwa ameshakamatwa. Wakaenda pamoja, taratibu, hadi mwisho, na filimu ikaiva kupita kiasi.

"Ni nyeusi," alisema alipoinyanyua mwangani, baada ya siki na baada ya ile dawa ya mwisho ya kushikiza picha. "Kaku ameipika kama majani ya sombe."

Akaitundika kwenye kamba ya nguo, kibanio juu na kibanio chini. Nilingoja aondoke, nikaenda kutazama. Ninyi mnajua negatifu ilivyo. Mimi nilikuwa siijui. Mama alikuwa na uso mweupe na meno meusi. Kazadi vilevile, na ilimfaa. Kaku, mweupe kama Mzungu mhasibu. Watu watatu wamegeuka, lakini wapo. Na kushoto, mahali pangu, kulikuwa na gauni lenye mikono miwili, na juu ya gauni ukungu. Sikuwa na uso. Picha ya pili sikuiona kabisa. Ilikuwa chini, imejiviringa.

Revelatere ilikuwa imesema.

Siku ya Jumatatu sikulia, maana kulia hakupunguzi bei. Nilijitayarisha. Nilitia kwenye mfuko wa plastiki gauni langu la pili, kitana, na nusu mkate. Kisha nikaenda kwa Kaku, aliyekuwa anachambua maharage kwenye ungo, kwa kuwa yeye alizijua treni.

"Kaku, kama mutu anapanda treni ku Kolwezi, anateremuka wapi juu ya kufika Dilolo?"

"Mi sijue Dilolo. Treni yangu haipitake kule. Uko na nani kule?"

"Hakuna mutu bado."

Akatazama mfuko wangu. "Na huu muzigo, mama?" Aliyeitwa mama ni mimi; ndivyo bibi zetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike.

"Ni ya safari. Mama alimuambia Tata: yee hakuzaliwa hapa, heri apande treni. Tata akasema acha foto kwanza."

Mkono wa Kaku ulisimama juu ya maharage. Aliokota jiwe moja, akalitupa. Akaokota haragwe zima, zuri, akalitupa pia. Nililifuata nikalirudisha.

"Alisema vile?"

"Ndiyo, Kaku. Polepole. Hakukasirika."

"Na we unataka kupanda na mi?"

Sikuelewa swali, lakini lilikuwa toleo zuri kuliko kusafiri peke yangu, nikalikubali upesi kabla hajalibadilisha. "Ndiyo. Kama utanishikia mukono mpaka pale pa kuteremuka."

Kaku alinivuta, akanikalisha juu ya paja lake na ungo na maharage na vyote, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu meno yangu ya mbele yang'oke. Alinuka moshi na mafuta ya mawese. Niliwaza kwamba huyu, ingawa si wangu kwa mifupa, ni mtu mwema, na kwamba nitamkosa nikifika kwa watu wa samaki.

Tata alirudi kabla ya jua kushuka, na mfukoni mwa shati lake karatasi ilichungulia. Niliitambua: rafiki yangu wa kamba alikuwa nayo ya namna ileile. Nikahesabu. Tiketi ilikuwa moja.

"Kwanza tutoe zile foto," alisema, bila kumwangalia mtu.

"Mi naingia," Kaku akasema. "Nataka kuona nani anaonekana, nani haonekane."

Mama akasema basi na yeye anaingia, kushika maji ya kusuuzia. Kwa hiyo bafu lilijaa kama kanisa siku ya mavuno: Tata amepiga goti, Kaku kwenye kigoda, Mama amesimama na sahani ya maji, mimi nimebanwa ukutani. Kazadi alilinda blanketi. Safari hii taa ilikuwepo, balbu ndogo iliyopakwa verni nyekundu, kwa sababu karatasi ya picha haiogopi wekundu. Sote tulikuwa wekundu kama watu waliotoka kwenye vumbi la mgodi uitwao Mashamba.

Tata aliikata ile picha ya kwanza akaiweka kando. "Hii haina maana, mutoto amejifuta." Kisha akalaza ya pili juu ya karatasi, akaifunika kioo, akawasha taa nyeupe. Kwa kawaida ingetosha kuvuta pumzi mbili tatu. Lakini kwa ule weusi wa kupikwa aliimba nusu ya wimbo, na safari hii aliuimba kwa mwendo wa Kaku, bila kulazimishwa. Akazima. Akatumbukiza karatasi kwenye sahani ya supu.

Kwanza hakukuwa na kitu. Maji, karatasi nyeupe, vidole vya Tata. Kisha vikaja vitu vyeusi: nywele za Kazadi, kilemba cha Mama. Kisha kivuli chini ya kiti. Na halafu, taratibu, kama watu wanaotoka ndani ya moshi, zikaja nyuso mbili kwa wakati mmoja. Ya kiti na ya pembeni. Midomo wazi, imepinda upande uleule. Nyusi moja juu, nyingine chini. Kidole kimoja hewani hapa, kimoja hewani pale, vyote vikikataa bei.

Ulikuwa uso mmoja. Mmoja ulikuwa na mikunjo, mwingine ulikosa meno ya mbele.

"Nzambi, Mungu wangu," Mama akasema. "Nani aliiba uso ya mwenziwe?"

Tata alianza kucheka, kile kicheko chake cha puani. "Na mi nilisema imeharibika!"

Kaku alisogeza kigoda mpaka pua yake ikakaribia dawa. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akairudia picha. Hakucheka.

"Kijana," alimwambia Tata, "mu mufuko ya shati iko nini?"

Tata akaweka mkono wenye dawa juu ya mfuko, na alama ya mkono ule haikutoka kwenye shati lile kamwe.

"Mama, si kwa ubaya," Mama akaanza kumwambia Kaku. "Ni ile majirani beko nauliza... ni karatasi tu, hauna karatasi ya hapa..."

"Sikukasirika, mukwe. Unasema kweli, mi sikuzaliwa hapa." Kisha akanigeukia mimi, akaniita kwa kidole. "Ni mi, unasikia? Ni mi njo sikuzaliwa hapa. We ulizaliwa kule nyuma ya ukuta huu, mvua ikinyesha, Tata yako akizunguka inje kama kuku amekosa kiota. Nilisimuliwa mara mingi. Toa ule mukate mu mufuko kabla haujaota kuvu."

Kiswahili chetu hakina neno tofauti kwa bibi na kwa mjukuu. Yee ni yee. Nilikuwa nimejipakia kwenye treni kwa sababu ya neno fupi ambalo halikuwa langu. Nawaambia, sijawahi tena kupumua kama nilivyopumua katika bafu lile, ingawa nilivuta siki tupu. Nilitaka kumwambia Kazadi papo hapo, lakini kufungua mlango kungeunguza picha.

Kisha Kaku akainyooshea picha kidole.

"Lakini uso yangu, muone, uso yangu ishabaki hapa. Mi nitaenda Kasai kufanya nini, bila uso?"

Ndipo sahani ya Mama ilipoanguka. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, na sahani haina mkono wa tatu wa kuishika. Sikuweza kujua, kwa taa ile nyekundu, kama alikuwa analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakuutafuta mpaka kati ya hayo mawili. Maji yalitulowesha miguu sote. "Atakaa," alisema mwishowe. "Bakiuliza, tutabaonyesha hii foto. Nani atasema huyu si wa hapa?"

Na kweli walikuja kuuliza, mara moja. Mama aliwaonyesha foto, kisha Kaku akatoka yeye mwenyewe kuwaeleza, na walioisikia sauti ile hawakurudi. Karani wa stesheni alikataa kurudisha pesa za tiketi. Tata hakubishana naye; nafikiri ndiyo mara pekee maishani mwake alipotoka kwenye dirisha la malipo akiwa anapiga mluzi. Kaku aliendelea na wiki yake ya pili kwa miaka mingi. Amezikwa hapa Kolwezi, na Tata pembeni yake.

Sasa shida yangu ni hii. Kazadi, ambaye ni mtu mzima na shemasi, amenipigia simu kutoka Lubumbashi. Anataka ile foto ikuzwe, iwekwe kwenye fremu, ipelekwe kwa wajukuu wote. Nimeipeleka kwa kijana mmoja wa studio hapa Manika. Ameitazama kwenye kompyuta yake, akaniambia kwa adabu: "Mama, kazi ni rahisi. Nitaondoa madoa, kiisha nitamufunga huyu bibi mudomo, na huyu mutoto pia, nibawekee kicheko kidogo ya muzuri. Vidole nitabishusha." Bei yake ni bei ya gunia la mkaa. Nimemwambia kwamba wengi wamejaribu kunifunga mdomo bila malipo na wameshindwa. Lakini Kazadi yuko upande wake. Anasema foto ya ukutani lazima iwe na heshima, na kwamba gharama atalipa yeye, neno ambalo sijawahi kulisikia kutoka kwake na ambalo, nakiri, linanitikisa.

Ninyi wenye umri wangu, ambao mna foto za wazazi na ndugu washika dini wa kuzikosoa, nishaurini: nimwache kijana anyooshe nyuso zile mbili ili jamaa wapatane, au nimwambie Kazadi kwamba midomo ile ikifungwa, wajukuu hawatajua kwa nini mimi na Kaku hatukupanda treni? Jibuni mapema, kijana wa studio anangoja jibu Ijumaa, na nimeshamshusha bei hadi nusu bila kujua ninachonunua.